Nyumba ya Mawe na Mkwe Aliyebaki Uani

Mama yangu alipoletwa kama bi harusi kwenye nyumba ile ya mawe, alitafuta nguzo ya kati akaikosa, akaketi chini akalia. Nyumba za msonge alizokulia zilikuwa na nguzo moja katikati iliyobeba paa lote, na mwanamke wa nyumba alikuwa na haki ya kuiegemea. Hapa alikuta kuta za mawe meusi, madirisha membamba yenye tao, na dohani iliyochomoza juu ya paa. Hapakuwa hata na ukuta wa udongo wa kukandika kwa samadi, kazi ambayo ndiyo humfanya mwanamke wa kwetu aseme nyumba hii ni yangu. "Nilidhani baba yako ni askari jela," huniambia hadi leo, na hucheka mpaka machozi yakamtoka.

Nyumba yenyewe iko mashambani, ukishuka kutoka Shirere kuelekea mto Isiukhu, katikati ya mahindi na vishamba vya miwa. Ilijengwa na mzungu mmoja aliyekuja enzi zile za dhahabu, watu walipochimbachimba Kakamega kama mafuko. Mawe ni matale, magumu hasa. Yalipasuliwa kilimani na kuteremshwa kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa vichwa vya watu, babu yangu akiwa mmoja wao. Dhahabu ilipokuwa haba mzungu akashika njia yake. Ardhi ilikuwa yetu kabla hajaja, basi na nyumba ikabaki kwetu. Babu aliingia ndani na kuku wake na hakuna aliyemuuliza kitu.

Aliyeijenga alikuwa fundi kweli, huyo simnyimi sifa. Mawe makubwa yako chini, na kadiri ukuta unavyopanda ndivyo yanavyopungua, hata macho yako yanapanda nayo bila kuambiwa. Mawe ya pembeni yamechongwa yakawa laini kama shavu la mtoto, lakini ya katikati yameachwa na sura zao, mengine yametuna, mengine yana mabonde. Kila dirisha lina tao, na juu ya kila tao kuna jiwe moja lililochongwa kama kabari ambalo ndilo linalozuia mengine yasianguke. Katikati ya mawe hakuna saruji, ni chokaa tu. Kuta ni nene hivi kwamba nilipokuwa mtoto nililala kwenye ukingo wa dirisha, mwili mzima, na miguu haikuning'inia.

Mbele kuna veranda juu ya nguzo fupi za mawe, na nyumba yote imeinuliwa kutoka ardhini ili maji ya mvua yapite. Kwa hiyo kuna ngazi. Zimepanuka chini na kubanana juu, kama kipepeo cha kujipepea kilichofunguliwa, na kila mgeni anayefika husimama kuzipiga picha. Mimi sizipendi. Nitasema kwa nini.

Mama hakuwa na udongo wa kukandika, lakini alitafuta namna yake. Kila Krismasi ilipokaribia alichemsha chokaa kwenye pipa, akapaka vyumba vyote vya ndani vikawa vyeupe, akang'arisha sakafu nyekundu kwa kumbi la nazi ambalo shangazi mmoja alikuwa amemletea kutoka pwani. Miaka ilipita. Baba akafariki, mimi nikaolewa, kaka yangu akaenda Nairobi. Mama akabaki na mawe yake, na kama ungemwambia sasa kwamba nyumba inahitaji nguzo ya kati, angekuambia nguzo ya kati ni yeye.

Kisha wakaja watu wa serikali wanaoshughulikia majengo ya kale. Wakazunguka na kamera, wakagongagonga, wakasifu, na baada ya muda tukaambiwa kwamba nyumba imehifadhiwa kisheria. Kuhifadhiwa maana yake huruhusiwi kuvunja, kutoboa, kuongeza, wala kupaka saruji ukuta wowote bila ruhusa. Wakasimamisha kibao kando ya barabara. Majirani wakaanza kuiita nyumba ya serikali, na mama akiomba chumvi walimjibu, "Si uombe serikali?" Alicheka nao. Mimi ndiye niliyekasirika, maana paa lilikuwa likivuja na hiyo serikali haikuleta hata msumari.

Niseme kidogo habari zangu, ili ujue hasira hizi zinatoka wapi. Mimi ni mshonaji. Nina kibanda sokoni Kakamega mjini, nashona sare za shule na magauni ya harusi, na mume wangu husema mdomo wangu ni mkali kuliko mkasi wangu. Yeye ni seremala, mtoto wa wakulima wa miwa wa Mayoni, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye huzungumza na mbao zaidi kuliko anavyozungumza na watu. Tunaishi Shirere, tumezungukwa na vyumba vya kupanga vya wanafunzi wa chuo kikuu.

Mama alianguka kwenye zile ngazi. Mvua ilikuwa imenyesha, kuvu ilikuwa imeota juu ya jiwe, naye alikuwa amebeba sufuria ya maziwa. Nyonga ikavunjika. Nilipomfikia hospitalini nilianza kuitukana nyumba, nikaitukana kuanzia dohani mpaka msingi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kunitazama. Mama alifumba macho mpaka nilipomaliza.

"Hiyo nyumba haikunifanyia kitu," akasema. "Ni ndara tu."

Alimaanisha zile ndala zake za plastiki, zilizokuwa zimeisha soli. Hata amelazwa, bado aliitetea.

Walimfanyia upasuaji, wakamshona, na siku ya kumruhusu daktari akaniambia atatumia kiti cha magurudumu kwa muda, na kwamba huenda muda huo usiishe. Niliitikia kama mtu mzima. Nilipofika nje ya wodi ndipo nikajiuliza: tunampeleka wapi?

Nyumbani kwake hawezi kupanda. Kwa kaka yangu Nairobi ni ghorofa ya nne, na lifti haijawahi kuwepo. Imebaki kwangu. Na kwangu, ndugu msomaji, hakuwezekani, kwa sababu kwangu ni kwa mume wangu.

Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona akapitia shambani. Mkwe haoni kitanda cha mama mkwe, sembuse kukikaribia. Si chuki, ni heshima nzito. Wengi siku hizi wameyaacha haya, na wako wachungaji wanaoyakemea madhabahuni, lakini mama yangu na mume wangu wameyashika kama watu wawili waliobeba gogo moja: mmoja akiachia, mwenzake ataumia. Baba alipokuwa hai mume wangu alikaribishwa mpaka sebuleni, kwa kuwa kulikuwa na mwanaume wa kumkaribisha. Baba alipofariki, mkwe akaishia uani. Alikuja kurekebisha banda la ng'ombe, akakarabati lango, akaletewa chai chini ya mti wa parachichi, akaondoka. Mama alipopita alivuta kitambaa cha kichwa mpaka usoni. Na alipokuwa na neno naye alilipitisha kwangu, hata mwenyewe akiwa amesimama pale anasikia kila kitu.

"Mwambie huyo mtu wa Mayoni hiyo mlango ya ng'ombe inafunguka kinyume."

"Amesikia, mama."

"Wewe mwambie."

Basi siku ile nje ya hospitali nilimwambia mama kwamba haya ni mambo ya dharura, Mungu mwenyewe anaona, alale kwangu wiki chache tu. Mume wangu alikuwa tayari kwenda kulala karakanani kwake. Mama akaniangalia kana kwamba nimependekeza tulale barabarani uchi.

"Nimtoe mtoto wa wenyewe kwa kitanda yake? Mimi silalangi kwa mkwe. Heri uniache hapa kwa lango."

Ndivyo mama yangu alivyokuja kuwa mpangaji. Jengo la jirani yetu lilikuwa na chumba kimoja cha chini kilicho wazi, mlango wake ukiwa sawasawa na ardhi. Tukamwekea kitanda, jiko la gesi, na picha ya baba. Kushoto kwake kulikuwa na msichana anayesomea ualimu, kulia kulikuwa na vijana wawili waliokuwa na spika kubwa kuliko kabati. Wiki ya kwanza nilikwenda kugombana nao juu ya kelele. Nikawakuta wamekaa chumbani kwa mama, mmoja ameshika mwiko wa ugali.

"Shosh anatushow vile obusuma husongwa," akanieleza. "Sisi tumekuwa tukikula uji, imagine."

Walimpenda, na yeye aliwapenda. Walimletea mkaa, wakamchajia simu, wakamsukuma mpaka dukani kununua sukari na kurudi wakicheka. Mtu angefikiri mambo yamejipa. Lakini mimi namjua mama yangu. Alianza kuacha chakula. Dirisha la chumba kile lilitazama ukuta wa jengo jingine, naye alikuwa akigeuza kiti chake kuelekea pale kama vile kuna kitu cha kuonekana. Aliuliza swali moja kila nilipotoka kule kijijini, nilikokwenda Jumapili kufungua madirisha.

"Uliwasha moto?"

"Niliwasha."

"Kwa ile dohani ya sebule, ama jikoni tu?"

"Kote, mama."

"Usiponiwashia moto, hiyo nyumba inalianga."

Na ni kweli inalia. Nyumba ya mawe ikikosa watu hutoa jasho, maji yakateremka ukutani juu ya chokaa yake nyeupe, na ukungu wa kijani ukaanza kutambaa pembeni. Sikumwambia. Alijua.

Siku moja nilimletea ingokho, kuku aliyechemshwa na mchuzi, chakula ambacho hajawahi kukikataa. Akaonja, akaweka kijiko chini.

"Nikifia hapa," akaniuliza, "mtanitoa kwa mlango ya nani?"

Kwetu mtu huliliwa kwake. Huwekwa mbele ya mlango wake mwenyewe, watu wakaja wakamwona pale alipoishi, wakapita wakigusa kuta zake. Mama yangu alijiona akitolewa kwenye chumba cha kupanga, mwenye nyumba akisubiri funguo. Niliogopa, na niliogopa kwa sababu aliuliza kwa upole, bila kulalamika, kama mtu anayeuliza saa. Niliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba tukimwacha pale hatamaliza mwaka. Yeye alikuwa anakula. Akanawa mikono, akasema, "Basi lazima aende kwake."

Nikaenda ofisi ya wale watu wa majengo ya kale, nikiwa nimejipanga kwa vita. Nilitaka ngazi zivunjwe. Walimtuma afisa mmoja, dada mdogo aliyevaa buti za mpira, na tukakutana naye kijijini. Mume wangu alisimama uani, mahali pake pa siku zote. Yule dada akazitazama ngazi kwa muda mrefu.

"Hizi siwezi kukuruhusu uzivunje, mama," akaniambia. "Hazipo kwingine."

"Na mama yangu je? Yupo kwingine? Jiwe lina haki kuliko yeye?"

Nilisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Hakujibu kwa hasira. Alikaa chini pale pale, juu ya jiwe lililomvunja mama, akaniuliza ilikuwaje. Nikamsimulia, mvua, maziwa, ndala, kila kitu. Nilipofika kwenye lile swali la mlango wa nani, akainamisha kichwa. Alikuwa na nyanya yake Vihiga, akasema, naye pia ana mambo yake. Kisha akasimama, akaongea kwa sauti, na nadhani alikuwa anaongea na yule mwanaume wa uani zaidi kuliko na mimi.

"Jengeni kitu kinachosimama chenyewe. Msigongee msumari kwenye jiwe, msimwage saruji. Siku kikiondolewa, nyumba isijue kilikuwepo."

Nilimwona mume wangu akitabasamu. Wanaume wengine hutabasamu hivyo wakiona nyama.

Alichokusudia kujenga ni mteremko wa mbao, kuanzia uani mpaka usawa wa veranda, ukipita juu ya ngazi bila kuzigusa, miguu yake ikisimama ardhini kwenye mawe bapa. Kazi ya kawaida kwake, ila kwa jambo moja. Alihitaji vipimo, na vipimo vilikuwa juu na ndani: mlango mkubwa, ukumbi, ile kona ya kuingilia chumbani kwa mama. Na yeye hapandi.

"Mama hayupo," nikamwambia. "Nyumba ni tupu. Nani atakuona?"

"Kitanda chake kipo," akasema.

Mwacha mila ni mtumwa, husema watu. Mimi siku ile niliona mwenye mila ndiye mtumwa, lakini kubishana na seremala ni kupoteza mate. Nikachukua futi yangu ya kushonea, ile ya kitambaa, nikapanda. Yeye akabaki chini na penseli na kipande cha ubao.

"Mlango, upana!"

"Kifua au kiuno?"

"Wewe mwanamke, pima."

Nikapima. Nilimpimia mlango juu, katikati na chini, maana mlango wa kale huweza kuwa na tumbo. Nilimpimia ukumbi, nikampimia ile kona kwa kulaza futi ukutani, nikaingia chumbani nikapima nafasi kati ya kitanda na kabati. Nilimpigia kelele kila kipimo kupitia dirishani naye akakirudia kwa sauti. Jirani mmoja aliyekuwa akipita akasimama akatuuliza kama tunaishonea nyumba kaptula. Nilijivuna. Sijawahi kukosea vipimo vya mtu, wala wa kike wala wa kiume.

Mteremko aliutengeneza karakanani Shirere, vipande vipande, mbao za saipresi na miguu ya mkaratusi. Wanafunzi walikuja kuujaribu. Walikalishana kwenye kiti cha mama, wakasukumana juu na chini wakipiga mayowe, mpaka mume wangu akaridhika kwamba kama unaweza kubeba wajinga watatu utaweza kubeba mama mkwe mmoja. Akaupeleka kijijini akausimamisha. Watu wakauita daraja. Sijui kazi yake nyingine aliyoifanya kwa uangalifu kama ile. Alisugua kila ukingo kwa msasa ili mikono ya mama isichomwe na kibanzi, mikono ambayo hajawahi kuishika.

Tukamhamisha Jumamosi. Wale vijana walimpakia kwenye pikapu pamoja na kitanda na jiko, na msichana wa ualimu akalia waziwazi. Mama akawaambia waendelee kusonga vizuri. Tukashuka njia ya mtoni pole pole, mimi nikiwa nimemshika nyuma, mume wangu amekaa mbele na dereva, uso ameuelekeza dirishani. Dereva alitushusha, akatuwekea vitu verandani, akaondoka kwa haraka kwa sababu wingu lilikuwa limeshajaa upande wa msituni. Mpwa wangu wa kike, aliyekubali kuja kuishi na mama, angefika kesho yake baada ya kanisa. Tukabaki watatu.

Mama aliitazama nyumba yake. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Mwambie mtu wa Mayoni," akasema mwishowe, "hii daraja yake ni mzuri."

"Amesikia."

"Wewe mwambie!"

Nikamwambia. Mume wangu, aliyekuwa amesimama karibu na parachichi akiwa ametupa mgongo, akaitikia kwa kichwa.

Nikaanza kumsukuma. Mbao hazikutikisika. Tulipanda kama watu wanaokwenda kubarikiwa, tukapita juu ya zile ngazi, tukafika verandani, na mvua ikaanza ile ya Kakamega isiyobisha hodi. Nikaharakisha kuelekea mlangoni. Magurudumu ya mbele yakagonga kitu, kiti kikasimama ghafla, na mama akaguta kwa maumivu.

Kizingiti. Chini ya mlango ule kuna jiwe moja zima lililoinuka kuzuia maji yasiingie, refu kama kiganja kilichosimama. Sisi tuliozaliwa mle huinua mguu pale bila kujua kwamba tunainua. Niliruka jiwe lile nikijifunza kutembea, niliruka nikiwa na begi la shule, niliruka nikitoka na shela la harusi. Na siku ya kupima niliruka nikiingia, nikaruka nikitoka, futi mkononi, na macho yangu hayakuliona. Mtu yeyote mgeni angejikwaa na kuliona. Mume wangu angeliona mara moja. Lakini mume wangu alikuwa uani.

Nilijaribu kuinua kiti mbele. Mama yangu si mwembamba. Nilijaribu kukigeuza, nyonga ikamwuma, akang'ata kitambaa. Upepo ulikuwa unaleta mvua moja kwa moja chini ya paa la veranda, mbao zimeshalowa, na nilipoachia kidogo ili nishike vizuri kiti kikaanza kurudi nyuma, kuelekea mteremkoni. Nikakizuia kwa tumbo. Sikuweza kukisukuma wala kukiacha.

"Leta ubao!" nikapiga kelele.

Nilimsikia akikimbia, nikasikia vitu vikiangushwa kule bandani. Akarudi bila ubao unaofaa, akafika mpaka chini ya daraja lake mwenyewe, na pale akasimama. Maji yalikuwa yanamtiririka kichwani. Mguu mmoja ulikuwa juu ya mbao, mwingine ardhini. Nilitaka kumtukana, nilitaka kumhurumia, sikujua nianze na lipi.

Mama alikuwa amelowa mabega. Mbele yake ukumbi wake ulikuwa wazi, mkavu, na kuta zake nyeupe. Aliutazama. Halafu akageuza kichwa, si kwangu.

"Wewe," akasema.

Nilisubiri nipewe ujumbe wa kupeleka. Haukuja.

"Wewe mtoto. Utaniacha ninyeshewe kwa mlango yangu?"

Mume wangu akafumba macho. Naapa, aliyafumba kwanza, ndipo akapanda. Alipanda daraja lake kwa kupapasa ukingo aliousugua, akanifikia, akainama, akamtoa mama kitini mikono miwili, kama unavyomtoa mtoto kwenye karai. Mama alijivuta kitambaa usoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, kwa kuwa hakuwa na namna, akamshika shingo.

"Inua mguu," nikamwambia. "Kuna jiwe."

Akainua. Wakaingia. Nilimshika shati mbele nikawa namvuta, yeye hatazami, mama hatazami, mimi peke yangu ndiye mwenye macho katika nyumba nzima. Kushoto. Sasa moja kwa moja. Polepole. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka pamoja, na kile kicheko kiligonga kuta zile kikarudi. Tulipofika ile kona ya chumbani nilichelewa kusema, kiwiko chake kikagonga pembe ya jiwe kwa kishindo, na mama akakaza mkono wake shingoni.

"Fungua macho, mwanangu," akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Hii ukuta ni ya mawe, na mimi nimechoka kuvunjika."

Mume wangu akayafungua. Akakiona kitanda, akamlaza juu yake taratibu, akamwekea mto chini ya mguu, akarudi nyuma hatua moja na kusimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa.

"Mulembe, mama," akamsalimu.

Mama akashusha kitambaa. Akamtazama, yule mtu wa Mayoni, huyu baba wa wajukuu zake, akamtazama kuanzia utosini mpaka viatu vilivyojaa matope.

"Mulembe," akajibu. "Kumbe una mvi."